Mzimu Asiyeweza Kusema "Kula"

Nyinyi vijana wa kikundi cha maigizo mmenisumbua tangu niache kazi. Ati, Kuka, andika. Andika vile mlianza, andika vile ulikuwa unatembea bila kusikika. Haya, nimekaa. Lakini mjue mimi niliachia shule darasa la nne, na sitaandika kama watu wa magazeti. Nitaandika vile nasema. Mtu akiona herufi imepotea njia, airudishe kimya kimya, asiniletee.

Kazi zangu zilikuwa mbili. Nilitengeneza majeneza pale Kanduyi kando ya barabara, na siku za mchezo nilikuwa mzimu. Watu walicheka sana kuhusu hilo. Wacheke. Kazi zote mbili nilijifunza mwenyewe, na hakuna jeneza langu liliwahi kufunguka njiani, wala hakuna siku mzimu wangu alichekwa pale ambapo hakutakiwa kuchekwa, isipokuwa kwa ajili ya neno moja. Hilo neno nitalifikia.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa sababu siku hizi mnaingia kikundini hata hamjui mnacheza nini. Mwalimu Nafula ndiye aliuleta. Yeye ni mzaliwa wa Bungoma lakini alikuwa anafundisha Kiswahili kwa sekondari moja huko Kitale. Alisema ni mchezo wa kale kabisa, wa huzuni, wa nchi za mbali, na aliyeuandika alikufa kabla babu ya babu yangu hajatahiriwa. Kuna mfalme anatawazwa. Siku hiyo hiyo, mbele ya wageni, mzimu wa baba yake anaingia na kumwambia: "Mwanangu, jihadhari na siku ya kula. Siku ya kula ndiyo siku yako ya kufa." Mfalme peke yake ndiye anamwona. Anauliza, "Nani huyu?" Wazee wa baraza wanageuka, wanatazama, wanamjibu, "Hakuna mtu, mtukufu."

Basi mfalme anapiga marufuku karamu zote. Harusi bila chakula. Matanga bila chakula. Yeye mwenyewe anakula peke yake, mlango umefungwa, miaka nenda miaka rudi. Mwisho upweke unamshinda. Anamwita bawabu wake aingie wale sahani moja. Na bawabu ndiye anamuua, kwa sababu alizika mtoto wake bila hata kikombe cha uji kwa waliokuja kumlilia. Mzimu anarudi, anasimama juu ya maiti, anaangalia, anaenda. Mchezo umeisha.

Mimi sikuitwa kuwa mzimu. Niliitwa Kitale kutengeneza jukwaa na kiti cha mfalme, katika ukumbi mmoja ambao mbao zake zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nilikuwa napiga msumari wa mwisho nikasikia wanagombana. Kijana aliyepewa mzimu alikuwa amekataa. Pasta wake alimwambia mtu hachezi na wafu. Mwalimu Nafula alikuwa ameshika kiuno anatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kuku, mpaka macho yake yakanifikia.

"Mzee, wewe kazi yako ni gani?"

"Si unaona? Seremala."

"Seremala wa nini hasa?"

"Majeneza."

Mtu mmoja mrefu alikuwa amekaa kwa kile kiti changu cha kifalme, gundi hata haijakauka. Akacheka kicheko cha kutikisa mabati. "Mwalimu, huyu amefika tayari," akasema. "Hata kupakwa hahitaji."

Huyo ndiye Mwangi. Alikuwa anauza viatu vya mitumba pale Kitale. Wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kutoka upande wa Murang'a kabla yeye hajazaliwa. Yeye alizaliwa Kitale, akaoa Kitale, akamzika baba yake Kitale. Ndiye alikuwa Mfalme. Na ndiye mwalimu wangu, ingawa Mwalimu Nafula atanuna akisoma hapa.

Kusoma kwangu ni kwa pole pole, na yale maneno ya mchezo yalikuwa yamepindwa pindwa kama mizizi ya mvule. Mwangi akaniambia, "Wewe usisome. Njoo kibandani." Nikaenda. Nilikaa juu ya gunia la viatu, yeye akachukua kiatu kimoja kwa kila mstari. Mstari mpole, kiatu cha mama cha kisigino. Mstari wa kukemea, kiatu cha askari. Akavipanga foleni chini, akapita akivigusa na fimbo huku akisema maneno, na mimi nikamfuata. Ule mstari wa mwisho, wa siku ya kufa, aliuwekea gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Mpaka leo nikiona mtu amevaa gambuti shambani, mdomo wangu unaanza wenyewe.

Wateja walisimama wakatutazama. Mama mmoja aliuliza kama ile ya kisigino inauzwa, Mwangi akamwambia, "Hapana mama, hiyo ni ya mzimu." Mama akaenda haraka.

Sasa tufike kwa neno. Mimi ni Mbukusu, mtu wa Myanga. L na r kwetu ni ndugu, mmoja akikosekana mwingine anaenda kazini. Mkono wangu unajua tofauti, ndiyo maana naweza kuandika hapa. Ulimi ndio haujui. Siku ya kwanza ya mazoezi nikasimama nikasema, kwa sauti ya kaburini, "Mwanangu, jihadhari na siku ya kura."

Mwalimu Nafula akasema, "Kula."

"Kura."

"Mzee. Ku-la. La. La. Kama Lazaro."

"Lazaro," nikasema, vizuri kabisa.

"Sasa, kula."

"Kura."

Mwangi akainuka kwa kiti kunitetea. "Mwalimu, mwache mzee. Kura na kura kuna tofauti gani?" Ukumbi wote ukalala chini kwa kicheko, maana Mwangi naye ni Mkikuyu, na kwa lugha ya mama yake hakuna l kabisa. Mwalimu Nafula akajishika kichwa. Akasema kikundi chake kimelaaniwa: Mfalme na mzimu, wote wawili hawawezi kula.

Tulipendana kuanzia hapo. Mimi mke wangu alikuwa amekwisha kufa, wana wangu wawili wako Nairobi na hupiga simu Krismasi. Nikimaliza mazoezi nilienda kula kwa Mwangi, na mke wake, Mama Wairimu, alikuwa ananipakulia bila kuuliza. Mtoto wao Wairimu aliniita Guka. Watoto wa Bungoma huniita Kuka. Nilimwambia Mwangi, ona, babu ni yule yule, ni g tu ilibadilisha njia. Akasema, "Hiyo pia Mwalimu Nafula asisikie."

Niwaambie vyombo, maana hivi mmeachiwa na sijui kama mnavitunza. Moshi wa mzimu si dawa ya duka. Ni magunzi ya mahindi yenye unyevu kidogo kwa jiko, nyuma ya pazia, na mtu wa kupepea. Yakikauka sana yatawaka, na mzimu mwenye moto ni ajali. Majivu ya magunzi hayo hayo, ukiyachekecha na kuyachanganya na mafuta ya kujipaka, ndiyo ngozi ya mzimu. Ngurumo ni bati, mlining'inize, msilishike kwa mkono. Na viatu: nilishona ndara zenye soli ya blanketi kuukuu. Mzimu akisikika anatembea si mzimu tena, ni mgeni amechelewa. Nilikuwa naingia kutoka nyuma ya watazamaji, katikati yao, na kilichowaambia nimepita ni ule upepo shingoni.

Lakini kazi kubwa ya mzimu haiko kwa mzimu. Iko kwa wale wengine, wasiomwona. Wazee wa baraza walikuwa wananisumbua sana. Wakinikaribia walikuwa wanapinda bega kidogo ili wasinigonge. Mwalimu Nafula alikuwa anapiga kelele mpaka mishipa inasimama: "Wewe! Ukimkwepa, umemwona! Mtu asiyeona kitu hakikwepi!" Aliwafanya wanipite kama hewa. Wanigonge ikibidi, wasishtuke. Wakazoea. Wakazoea hata nje ya jukwaa. Tukiwa tumekaa tunangoja gari la shule, nimejipaka majivu, wanazungumza juu ya kichwa changu, chai inapita mbele yangu inaenda kwa mwingine. Si kwa ubaya. Ni kazi iliwaingia.

Na mimi kazi yangu ya mchana ilikuwa ni hiyo hiyo. Mtu anayekuja kununua jeneza hakutazami usoni. Anatazama mbao. Anataka uwe umemaliza, na anataka asikukumbuke. Kwa hivyo hesabu nyinyi wenyewe: kwa wiki nzima, mtu aliyekuwa ananitazama machoni alikuwa ni Mfalme peke yake, na ni kwa sababu mchezo ulimlazimisha.

Vile alivyokuwa ananitazama! Hakutumbua macho kama nyinyi. Alikuwa kwanza anatabasamu kidogo, kama mtu ameona mtu wake, halafu tabasamu linakumbuka kwamba mtu huyo tulimzika. Linaanguka taratibu. Nilikuwa nasikia baridi mimi mwenyewe, na mimi ndiye mzimu.

Kazi ngumu zilikuwepo. Kule Myanga, nyumbani kabisa, tulicheza katika ukumbi wa kanisa. Nimeingia, nimepita katikati, nimesimama. Kabla sijafungua mdomo mama mmoja mzee sana akasimama mbele na kuniuliza kwa Kibukusu: wewe ni wa nyumba gani? Umekuja kutaka jina? Kwetu, mtu akifa na mtoto asiitwe jina lake, anarudi kuuliza kwa nini amesahauliwa. Mama hakuwa anacheza. Alikuwa ameshika begi lake kifuani na anangoja jibu, na ukumbi wote ulinigeukia, hata wale wa Kitale wasiojua lugha.

Sheria ni kwamba mzimu haongei na watazamaji. Nilibaki nimesimama. Mama akasema, "Kama ni jina, sema, tuna mtoto amezaliwa." Mwangi ndiye aliniokoa. Alishuka kutoka kwa kiti, akamwinamia yule mama, akasema kwa sauti ya kifalme, "Mama, huyu ni wangu. Jina lake ninalo." Mama akaridhika, akakaa. Tukaendelea.

Nilirudi kwangu jioni hiyo nikajiuliza, mimi siku nitakapokuja kutaka jina, nitagonga kwa nani. Nikapiga randa mbao.

Baada ya mchezo wanafunzi walikuwa wanauliza maswali, maana wanaulizwa kwenye mitihani: mzimu ana dhima gani katika tamthilia? Mwalimu Nafula alikuwa anajibu, na akichoka ananiachia. Mimi jibu langu lilikuwa moja. Mzimu hana mkono. Hakupiga marufuku karamu. Hakufunga mlango. Hakushika kisu. Alileta salamu akaenda. Mfalme alijiua kwa woga wake, mzimu asisingiziwe.

Mwalimu Nafula hakukubali. Alisema, "Mzee, ni kweli hana mkono. Lakini mzimu hasemi jambo jipya. Watu humsikia akisema kile ambacho wao wamebeba tayari. Baba alisema kula. Mfalme angeweza kusikia 'kula na wenzako, ufe umeshiba.' Yeye akasikia kisu, kwa sababu kisu kilikuwa ndani yake."

Nikamwambia hiyo ni ya wasomi. Tulibishana hivyo miaka, kwa mapenzi, katika kila shule ya Bungoma na Trans-Nzoia iliyotualika.

Sasa ule mwaka. Elfu mbili na saba, mwezi mmoja hivi kabla ya uchaguzi. Tulialikwa ukumbi ule ule wa kwanza, Kitale. Safari hii hawakuja wanafunzi tu, ulijaa watu wazima. Nje kulikuwa na magari ya vipaza sauti. Watu walikuwa wameanza kuulizana majina kabla ya kusalimiana. Mimi sikuwaza lolote. Nimejipaka majivu yangu, nimevaa ndara zangu, nikangoja bati lilie.

Nikaingia. Nikasimama mbele ya Mfalme. Akatabasamu, tabasamu likaanguka. Nikasema vile nimesema miaka yote, kwa ulimi huu mmoja ambao Mungu alinipa: "Mwanangu, jihadhari na siku ya kura. Siku ya kura ndiyo siku yako ya kufa."

Zamani mahali hapo mtoto mmoja mmoja alikuwa anachekacheka. Siku ile ukumbi ulilipuka. Wanaume walisimama juu ya viti.

"Amesema!"

"Sema tena, mzee!"

"Mzimu hadanganyi, bana! Wasikie!"

Walikuwa hawaongei na Mfalme wa mchezo. Walikuwa wanaongea na Mwangi wa viatu, na baba yake aliyezikwa hapo karibu, na majirani zake Wakikuyu waliokaa upande wa kushoto. Hao wa kushoto hawakupiga kelele. Waliinuka mmoja mmoja, wakachukua watoto, wakatoka kwa mlango wa pembeni. Na mimi nilisimama. Fundi akipigiwa makofi au kelele anangoja ziishe ndipo aendelee, la sivyo maneno yatamwagika. Hilo nilifundishwa. Nilisimama, nikamtazama Mfalme, nikangoja.

Zamu yake ya kuuliza "Nani huyu?" ikafika. Aliuliza kwa sauti ndogo sana. Sijui kama walimsikia viti vya nyuma. Wazee wa baraza wakajibu, "Hakuna mtu, mtukufu," na mchezo ukasonga mpaka mwisho.

Nyuma ya pazia alikuja nikiwa najifuta majivu.

"Simiyu," akasema. Hilo ndilo jina langu, lakini yeye hakuwahi kuniita hivyo. Aliniita Mzimu.

"Naam, Mfalme."

"Mbona ulingoja?"

"Nilingoja nini?"

"Ulisema, ukanyamaza, ukasimama pale wakishangilia. Ulikuwa unangojea nini?"

"Kelele iishe. Si wewe ndiye ulinifundisha?"

"Ulikuwa unaniangalia."

"Niangalie nani mwingine? Mimi nimepewa wewe tu."

Akakaa kwa kile kiti nilichotengeneza. "Mama Wairimu alikuwa hapo na watoto," akasema. "Wameenda nyumbani wakipitia nyuma ya maduka."

Nikamwambia, "Mwangi, wewe mwenyewe hilo neno unalisema vile vile."

"Najua."

"Basi?"

"Basi mimi nikilisema hakuna mtu anapanda juu ya kiti."

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilijua ananijua, miaka yote hiyo alikuwa ameusikia ulimi wangu kuliko mtu yeyote aliye hai. Nikafikiri, atalala, ataamka, tutacheka. Nikakunja pazia. Aliondoka bila kunywa chai.

Yaliyofuata baada ya kura mnayajua, hata nyinyi mliokuwa wadogo. Sitayaandika. Kibanda cha viatu kilichomwa. Nyumba pia. Mwangi na familia yake wakaenda kukaa kwa mahema pamoja na wengine waliofukuzwa.

Barabara zilipotulia kidogo nilienda. Nilipika mahindi na maharagwe mwenyewe, sufuria kubwa, nikaifunga kwa kitambaa nikaibeba mpaka kule. Nilitaka tule. Nilikuwa nimepanga hata utani, ati Mfalme, leo ndiyo siku ya kura, tuone kama utakufa. Kijana mmoja aliyelinda pale akaniuliza natoka wapi, na natafuta nani. Nikamwambia Mwangi wa viatu. Akanitazama sana, akaenda kuita.

Alitoka Mama Wairimu. Alikuwa amekonda. "Mzee Simiyu," akasema. "Umetembea mbali."

"Mfalme yuko?"

"Amelala."

Jua lilikuwa utosini. Na nyuma ya turubai nikasikia akikohoa. Kile kikohozi nakijua, ndicho anachokohoa kabla ya maneno yake marefu. Nikangoja maneno. Hayakuja. Mama Wairimu akaangalia sufuria, akaangalia chini.

"Amesema hatakula," akasema. "Usikasirike."

"Sijakasirika. Basi wape watoto."

"Amesema tusile, Mzee."

Nikafunga kitambaa tena. Nilipofika barabarani nikakaa juu ya jiwe nikala, maana chakula hakitupwi. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi miaka yote kwamba yule mfalme ni mjinga, kwamba mtu anawezaje kuogopa sahani. Nilikula mpaka nikafika chini ya sufuria na sikusikia ladha ya kitu.

Baadaye nikasikia wameondoka, wameenda Murang'a kwa watu wasiowajua.

Kikundi kilisimama karibu mwaka mzima, halafu Mwalimu Nafula akakiamsha. Alibadilisha ule mstari. Ukawa "jihadhari na siku ya chakula." Ulimi wangu ulikuwa unaupita bila shida na watazamaji walikuwa wanaupita bila shida pia. Mstari uliokufa. Siku moja aliniambia, bila kunitazama, "Mzee, nilitamani wewe ndiye uwe umeshinda ule ubishi wetu." Nikamwambia hata mimi. Alikuwa amesema watu husikia walichobeba, na ukumbi ule ulikuwa umebeba mizigo mizito. Lakini kusema kwamba mtu alisema kweli hakupunguzi kitu.

Mfalme mpya ni Brayo, na Brayo, najua unasoma hapa. Wewe una sauti nzuri. Lakini ulikuwa unatazama ukuta juu ya kichwa changu. Nilikuambia, nitazame machoni. Ukanijibu, "Aah Kuka, naogopa bana, unakaa kama mtu amekufa kabisa." Kwa hivyo kuanzia hapo mzimu alikuwa haonwi na mtu yeyote, hata yule mmoja aliyepewa. Nilifanya kazi hivyo kwa muda. Magoti yakaanza kuniuma, ndiyo niliyowaambia nilipoacha kazi. Magoti yalikuwa yanauma kweli, lakini yangeweza kuvumilia.

Kiti cha mfalme nilikiomba, kiko karakana yangu Kanduyi. Wanaokuja kwa majeneza hukikalia wakingoja.

Sasa niandike hili la mwisho ndipo mniache nipumzike. Juzi nilienda Kitale kutafuta mbao. Nilikuwa nimesikia kwamba Mwangi amerudi na amefungua tena kibanda. Sikwenda kumtafuta. Sitadanganya, nilipitia upande wa viatu, lakini upande wa viatu ni njia ya kila mtu.

Nikamwona anakuja. Nywele zimekuwa nyeupe. Alikuwa amening'iniza gambuti begani, zimefungwa kwa kamba, na pembeni yake kuna mwanaume nisiyemjua, mfanyabiashara mwenzake. Ile njia kati ya vibanda ni nyembamba. Mimi nilisimama katikati, vile miguu yangu imezoea. Sikuwa na majivu, sikuwa na moshi. Nilikuwa mzee amevaa koti.

Aliniona. Lile tabasamu lilianza, nawaapia lilianza, na halafu likakumbuka. Likaanguka taratibu, kama zamani, hakuna hata kitu alichosahau.

Mwenzake akauliza, "Ni nani?"

Mwangi akasema, "Hakuna mtu. Twende."

Wakanipita. Mimi sikumwita. Mzimu haiti. Nilisimama pale mpaka mama wa kuuza soksi akaniuliza kama nataka soksi.

Tangu siku hiyo nimeifikiria kama fundi, si kama mtu wa kulialia. Yule mwenzake alinipita moja kwa moja, bega lake likanigonga, hakushtuka. Huyo kweli hakuona mtu. Lakini Mwangi alipofika kwangu alipunguza mwendo. Akapinda bega. Akazishika zile gambuti kwa mkono ili zisiniguse, akanipisha.

Na nyinyi wote mmefundishwa na Mwalimu Nafula, mpaka mishipa ikasimama. Ukimkwepa, umemwona.